Chemchemi Haiishii Kwenye Uzio

Mhadhara kwa kamati za jamii, walimu na wanafunzi wa utalii



Mada niliyopewa ni namna ya kufufua na kuendesha bustani ya maji moto iliyo mali ya jamii. Nawajua ninyi wanakamati, najua mnachotaka hasa. Mnataka niwaambie bwawa liwe na kina gani, vigae vinunuliwe wapi, kiingilio kiwe shilingi ngapi kwa mgeni na ngapi kwa mwenyeji. Hayo tutayafikia, mengine kwa haraka. Ila michoro ya miradi ya aina hii niliyobahatika kuiona ina kasoro moja inayojirudia: mchoraji ameanza na uzio. Ameizungushia chemchemi mstari, akaweka lango, kibanda cha risiti, choo na mgahawa, kisha akafunga kalamu. Nami hoja yangu leo ni kwamba karibu kila kinachoiua chemchemi ya moto, na karibu kila kinachoifufua, kiko nje ya mstari huo.

Tuanze chini ya ardhi, maana huko ndiko uzio usikofika kabisa. Maji ya moto unayoyaona yakitoka kwenye mwamba ni mvua. Si mvua ya masika yaliyopita. Kule Hot Springs, katika jimbo la Arkansas nchini Marekani, watafiti walipima umri wa maji ya chemchemi za mji ule wakapata takriban miaka 4,400. Maana yake ni kwamba maji anayoyaoga mgeni leo yalinyesha muda si mrefu baada ya Wamisri kumaliza mapiramidi ya Giza. Yaliteremka polepole mwambani, yakazidi kupata joto kadiri yalivyozama, halafu yakapata ufa wa kupandia, na kupanda kukawa kwa kasi kiasi kwamba hayakupata nafasi ya kupoa. Huku kwetu, Bonde la Ufa limejaa nyufa za namna hiyo, na chini yake kuna miamba yenye moto ulio karibu zaidi na uso wa dunia kuliko sehemu nyingi za bara hili.

Kinachoyapandisha maji hayo ni shinikizo. Mkilishika hilo, mmeshika nusu ya mhadhara. Chemchemi ni mdomo tu wa kitu kikubwa kilicholala chini, na kitu hicho kinaweza kuwa na midomo mingine: visima, mabomba, mashimo ya watu wengine walio mbali, ambao hawajawahi kukanyaga kwenye bustani yenu wala kununua tiketi. Shinikizo likipungua, mdomo wenu unanyamaza, hata kama vigae ni vipya na choo kinang'aa.

Mfano bora ninaoujua uko mbali sana nasi, Nyuzilandi. Katika mji wa Rotorua kuna kijiji kiitwacho Whakarewarewa. Wakazi wake ni Wamaori wa Tūhourangi Ngāti Wāhiao, na wanaishi juu ya maji moto hasa: mvuke unatoka nyuma ya jiko, unatoka kando ya makaburi, unatoka katikati ya njia. Wengi wa mababu zao walifika hapo baada ya mlima Tarawera kulipuka tarehe 10 Juni 1886, ukafukia vijiji vyao pamoja na ngazi za mawe, za waridi na nyeupe, ambazo matajiri wa Ulaya walikuwa wakivuka bahari kwenda kuzitazama. Watu wale walikuwa waongoza wageni kabla ya mlipuko. Walipohamia Whakarewarewa waliendelea na kazi ile ile, na walioipatia sifa zaidi walikuwa wanawake. Kwa hiyo hii ni jamii ambayo imekuwa ikipokea wageni nyumbani kwake kwa zaidi ya miaka 130, bila kuhamishwa ili wageni wapishwe. Wekeni hilo akilini, nitalihitaji tukifika Baringo.

Kijijini hapo kuna dimbwi linaloitwa Parekohuru. Maji yake ni ya bluu, yanachemka, na mara kwa mara yanajaa na kupwa. Wenyeji huteremsha humo mahindi na mboga ndani ya mfuko wa nyavu, wakangoja kidogo, wakavuta chakula kilichoiva. Maji yanayofurika hupitishwa kwenye mfereji mwembamba, yakapoa njiani, yakaingia kwenye mabafu yaliyo wazi ambamo wanakijiji huoga, zaidi alfajiri na jioni wakati wageni hawapo. Tazameni ufundi ulioko hapo. Hakuna pampu, hakuna umeme, hakuna injinia wa zamu. Ujuzi wote umo kwenye urefu wa mfereji na kwenye mkono wa anayezuia na kuachia maji. Ukiniuliza mimi, huo ndio usanifu wa kuigwa, si bwawa la hoteli.

Sasa sikilizeni kilichowapata. Kuanzia miaka ya 1950, wakazi wa mji wa Rotorua walichimba visima kwa wingi ili kupasha joto nyumba, hoteli, shule na hospitali. Majira ya baridi ya kule si mchezo, na moto ulikuwa chini ya kiwanja cha kila mtu. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kuiharibu chemchemi ya Whakarewarewa. Kila mmoja alichimba kwake, kwa haki yake, akaoga maji ya moto nyumbani kwake. Kule bondeni, chemchemi zinazofoka zikaanza kulegea, moja baada ya nyingine. Ile inayoitwa Papakura, iliyokuwa maarufu kwa kufoka bila kuchoka, ilinyamaza mwaka 1979. Watu wakaanza kuogopa kwamba hata Pohutu, inayorusha maji hadi mita 30 hewani na ambayo ndiyo sura ya utalii wa mji mzima, itafuata.

Vipimo vikafanywa kwa miaka kadhaa. Mnamo 1986 serikali ikatoa amri: visima vyote vilivyo ndani ya kilomita 1.5 kutoka Pohutu vifungwe, na watakaobaki na visima nje ya hapo walipe mrabaha. Mnaweza kuwaza kelele zilizozuka. Mtu ameizoea nyumba yenye joto kwa miaka 20, leo anakuja ofisa na saruji kuziba kisima chake kwa ajili ya watalii. Walifoka wao kabla ya chemchemi. Lakini shinikizo lilipanda, viwango vya maji vikarudi juu, na baadhi ya chemchemi zilizokuwa zimelala zikaamka, nyingine zikiwa kwenye bustani ya umma ya Kuirau ambayo mtu huingia bila kulipa. Si zote zilizorudi, nisiwadanganye. Papakura yenyewe ilisubiri hadi 2015 ndipo ikafoka tena, miaka 36 baada ya kunyamaza. Aliyeifufua hakuweka hata jiwe moja pembeni yake. Kazi yote ilifanyika mitaani, kwenye viwanja vya watu, kwa kuziba mashimo.

Ndiyo maana naona kukarabati chemchemi ni kazi ya kuondoa kuliko kujenga. Na kila unapoondoa kitu, kuna mtu unayemnyima kitu. Hapo linakuja swali ambalo wafadhili hawapendi kuliuliza kwenye fomu zao: nani ana haki ya kumwambia jirani afunge kisima?

Turudi nyumbani, Baringo. Ukitoka Marigat ukapita Loboi na kufuata ukingo wa magharibi wa Ziwa Bogoria, unafika Loburu. Mvuke unauona ukiwa bado mbali, halafu maji yenyewe, yakirushwa juu kutoka kwenye matundu, mengine yakitokota tu kwa hasira. Ziwa liko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji hayahitaji kufika nyuzi 100 ili yachemke. Kwenye 97 hivi yanatokota. Wageni hubeba mayai, wakayatia kwenye mfuko, wakaufunga kwenye fimbo na kuuning'iniza majini. Mayai yanaiva, wanapiga picha, wanakula, na maganda wanatuachia sisi. Ukisogea karibu na mdomo wa chemchemi, ardhi inaitika chini ya kiatu kama debe tupu. Ni gamba la madini lililotandazwa na maji yenyewe, tabaka juu ya tabaka, na chini ya gamba hilo kuna maji yanayochemka. Mtu akipita pale na pikipiki, anaendesha juu ya kifuniko cha sufuria asichojua unene wake. Ndiyo sababu njia ya kutembelea huchorwa kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, na huchorwa na mwenyeji anayejua mahali palipowahi kubonyea.

Waendorois wamekuwa hapo kwa vizazi vingi. Ziwa ni mahali pao pa ibada na matambiko, ng'ombe na mbuzi wao walikuwa wakilambishwa chumvi yake kama dawa. Mwaka 1973 serikali iliwaambia kwamba eneo ni hifadhi ya wanyama, na katika miaka iliyofuata wakaondolewa. Kwa mujibu wa malalamiko waliyoyafikisha baadaye kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, walikuwa wameahidiwa mashamba yenye rutuba, asilimia 25 ya mapato ya utalii, asilimia 85 ya ajira zitakazopatikana, pamoja na majosho ya mifugo na mabwawa ya maji baridi. Mwaka 1986, kati ya familia 400, 170 ndizo zilizopewa fedha, takriban shilingi 3,150 kila moja.

Naomba tuzitazame ahadi zile kwa jicho la mwendesha bustani, si la mwanasheria. Asilimia 25 ya nini? Ya makusanyo ya langoni kabla ya mishahara, au ya kinachobaki baada ya petroli, posho na semina? Atakayehesabu ni nani, na mwenyeji ataliona daftari siku gani? Asilimia 85 ya ajira: ni ya wafagiaji, au pamoja na mhasibu? Mimi nadhani hata kama wote waliotamka ahadi zile wangekuwa na nia safi, zingevunjika tu, kwa sababu hazikuwa na mahali pa kushikiwa. Hazikuandikwa kwa namna ambayo mama wa Loboi angeweza kwenda nayo ofisini Jumatatu asubuhi na kusema, hii hapa, iko wapi.

Kesi ilipita kwanza Mahakama Kuu ya Nakuru, ambako ilitupwa mwaka 2002. Mwaka uliofuata ikapelekwa Banjul, kwenye Tume. Novemba 2009 Tume ikaamua kwamba Kenya ilikuwa imevunja haki za Waendorois: haki ya dini, ya mali, ya utamaduni, ya kunufaika na maliasili zao, na haki ya maendeleo. Umoja wa Afrika ukaupokea uamuzi mwanzoni mwa 2010. Tume ilipendekeza serikali itambue umiliki wao na kuwarudishia ardhi, iwaachie wafike ziwani bila kizuizi kwa ibada na malisho, iwalipe fidia, iwalipe mrabaha kutokana na shughuli za kiuchumi zilizoko, na ihakikishe wanaajiriwa ndani ya hifadhi.

Baada ya hapo kukatokea jambo la kuchekesha kama si la kuudhi. Mwaka 2011 Bogoria, pamoja na Nakuru na Elementaita, likaandikwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia, na Waendorois, ambao miaka miwili nyuma walikuwa wamepewa haki, hawakushirikishwa ipasavyo. Tume ikalazimika kutoa azimio la kulalamikia hilo mwaka ule ule. Kikosi kazi cha serikali cha kushughulikia uamuzi wa 2009 kiliundwa mwaka 2014. Utekelezaji umesuasua, hasa kwenye ardhi yenyewe.

Kwa nini nawasimulia kesi wakati mmekuja kusikia habari za mabwawa? Kwa sababu ya swali nililoliacha Rotorua. Kamati inayokwenda kwa jirani kumwomba asichimbe, asilishe mbuzi kwenye gamba, asioshe pikipiki juu ya mfereji, inahitaji kusimama mahali. Ikiwa jirani huyo ndiye aliyefukuzwa hapo na hajalipwa, kamati haina pa kusimama. Kule Whakarewarewa wenyeji wanapolinda maji wanalinda mlango wa jikoni kwao. Anayelipwa mshahara kulinda maji aliyonyang'anywa babu yake atafanya kazi hiyo hadi saa kumi jioni.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 imeipa jamii iliyosajiliwa chombo cha kutumia. Mkutano mkuu wa wanajamii huchagua kamati ya watu 7 hadi 15, na mkataba wowote wa uwekezaji kwenye ardhi hiyo unahitaji kukubaliwa na thuluthi mbili ya watu wazima kwenye mkutano. Mwekezaji akiwajia na karatasi aliyokwisha kuitia saini na mwenyekiti peke yake, karatasi hiyo haina nguvu, hata ikiwa na mihuri mitatu. Mwambieni kwa adabu arudi siku ya baraza.

Kuna jambo jingine la Bogoria ambalo halina mtu wa kushtakiwa. Maziwa ya Bonde la Ufa yalianza kujaa miaka ya 2010 na kufikia kilele kama 2020. Eneo la Bogoria lilipanuka kutoka kilomita za mraba 33 hivi hadi zaidi ya 40. Maji yakameza barabara, yakafika kwenye majengo ya langoni, na sehemu kubwa ya chemchemi za Loburu ikazama. Nyingine ukawa unazijua tu kwa mapovu juu ya ziwa. Mashirika na kaunti walikuwa wamejenga kwa zege na mawe, vitu vya kudumu miaka 50. Maji hayakuangalia hilo. Sisemi kamati ingelizuia ziwa. Nasema kwamba mahali kama pale, kibanda cha mbao kinachobebwa na vijana wanane ni jengo bora kuliko ofisi ya mawe, na mfadhili anayetaka jina lake lichongwe ukutani ashauriwe kwa upole achonge kwenye benchi.

Haya, mabwawa.

Kwanza, mahali kama Loburu si pa kuogea. Maji ya nyuzi 97 hayahitaji mkutano. Yanahitaji umbali, njia iliyowekwa alama, na mtu anayeangalia watoto. Penye maji ya kuogea, joto la karibu nyuzi 40 ndilo watu wazima wengi huvumilia, na hata hapo mtu asikae saa nzima, zaidi mjamzito na mwenye moyo au presha. Kupoza maji, rejeeni mfereji wa Parekohuru.

Pili, anzeni na mahali maji yanakokwenda, kabla ya mahali yanakoingia. Bwawa lisilo na njia nzuri ya kutolea maji ni beseni la kufulia la kijiji kizima. Chemchemi ya Kikuletwa, ile Chemka iliyo karibu na Boma Ng'ombe upande wa Hai, Kilimanjaro, maji yake ni vuguvugu tu, tena maangavu mpaka chini, na yanabaki hivyo pamoja na umati wa wikendi kwa kuwa hayasimami: yanatoka, yanakwenda. Sabuni na shampuu zikatazwe ndani ya maji, si kwa bango pekee bali kwa kuweka bafu la kujisugua pembeni, lenye shimo lake la maji machafu. Ukikataza bila kumpa mtu mbadala, unamfundisha kujificha.

Tatu, watu wasizamishe kichwa. Hili naona halisemwi kabisa huku kwetu. Kwenye maji ya asili yasiyo na chumvi yaliyopata joto huweza kuishi amiba anayeingia kupitia puani na kushambulia ubongo. Ugonjwa wake ni nadra sana lakini karibu kila anayeupata hufa. Nyuzilandi ilipoteza watu kadhaa kwa njia hiyo miaka ya 1960 na 1970, na tangu hapo mabwawa yao ya moto yana mabango ya kuwaambia watu waweke vichwa juu ya maji. Bango moja, rangi ya kopo moja. Hamna udhuru.

Nne, marufuku ya kuuza maji hayo kwenye chupa kama dawa ya kunywa. Chemchemi nyingi za Bonde la Ufa zina floraidi nyingi, ile ile inayowaachia watoto meno ya kahawia. Kuoga ni sawa. Mzee akisema miguu yake inapata nafuu, simbishii, nami nimeona watu wakitoka majini wakitembea vizuri kuliko walivyoingia. Kunywa ni habari nyingine.

Tukija kwenye kiingilio, ubishi wenu naujua: mwenyeji alipe au asilipe? Kuna mji Marekani, Thermopolis, katika jimbo la Wyoming. Mwaka 1896 Washakie, kiongozi wa Washoshoni, na Sharp Nose wa Waarapaho walitia saini mkataba wa kuiuzia serikali chemchemi kubwa pamoja na eneo la maili 10 kwa 10, kwa dola 60,000. Watu waliokuwa wamebanwa kwenye eneo walilotengewa hawakuwa na nafasi kubwa ya kukataa, na sitawauzia ninyi mkataba ule kama mfano wa haki. Lakini kule inakumbukwa kwamba Washakie alitaka maji yabaki wazi kwa watu wote bila malipo, na kumbukumbu hiyo imeshika. Mpaka sasa ndani ya hifadhi ya jimbo kuna nyumba ya kuogea ya umma ambako mtu huingia bure, akakaa kwenye maji ya nyuzi 40 kwa dakika 20, akatoka akampisha mwingine. Wanaotaka mabwawa yenye michezo hulipa kwingine.

Dakika 20 zile zinanivutia kuliko ile bure. Walichokifanya ni kugawa muda badala ya kugawa watu. Kamati yenu inaweza kufanya hivyo hivyo: bwawa moja la wenyeji lisilo na tiketi, lenye zamu ya wanawake na zamu ya wanaume ikiwa desturi inataka, na la wageni likawa na bei inayolilisha lile la bure. Kinachovunja bustani nyingi si bei kubwa, ni mwenyeji kuombwa tiketi mahali ambapo nyanya yake alikuwa akiloweka miguu.

Kuhusu fedha, nitasema kwa ufupi kwa sababu mnajua kuliko mimi. Pesa taslimu langoni huota miguu. Wekeni namba ya kulipia ya M-Pesa iliyosajiliwa kwa jina la kikundi, watia saini watatu, na kila mwisho wa mwezi jumla ibandikwe ukutani pale wanapokaa wanywa chai, upande mmoja kilichoingia, upande wa pili kilichotoka. Maswali yatakuja yenyewe.

Nilisema vinavyoigusa chemchemi viko nje ya uzio. Kingine ni kidogo mno kuonekana. Vijidudu wanaoishi kwenye magadi na maji moto ya maziwa yetu wamezoea mazingira ambayo yangekiua kiumbe cha kawaida, na vimeng'enya vyao hufanya kazi vizuri penye sabuni kali na joto, yaani kwenye mashine za kufulia na viwanda vya nguo. Mwaka 2004 magazeti ya Kenya yalijaa habari za sampuli zilizochukuliwa kwenye maziwa hayo miaka ya 1990 na vimeng'enya vilivyotokana nazo kuuzwa ng'ambo, hata kwa kuzipausha suruali za jinzi, wenyeji wasijue lolote. Itifaki ya Nagoya iliyoanza kutumika Oktoba 2014, ambayo Kenya ni mwanachama wake, inadai anayechukua rasilimali ya namna hiyo apate ridhaa na akubaliane na wenyewe jinsi ya kugawana faida. Kwa mlinzi wa lango tafsiri yake ni nyepesi: mgeni mwenye kamera apite, mgeni mwenye vichupa vya maabara aonyeshe kibali.

Nimalizie na mvuke, kwa kuwa huko ndiko pesa kubwa zinakoelekea. Olkaria ilianza kutoa umeme wa jotoardhi mwaka 1981, na kati ya wataalamu wa Kenya waliokuza kazi hiyo wako wengi waliosomea Auckland, nchi ile ile ya Pohutu. Sasa uchimbaji umefika Baringo, kaskazini ya Ziwa Baringo, kwenye mlima Paka na majirani zake. Mimi siupingi. Umeme tunauhitaji, na kisima kinachorudisha maji chini baada ya kuyachukulia joto lake hakina madhara ya kile cha kuyamwaga. Lakini Rotorua imeshatuonyesha kinachotokea pale mchimbaji na mlinzi wa chemchemi wanapokuwa hawazungumzi.

Sheria ya Nishati ya 2019 inasema mrabaha wa jotoardhi ugawanywe: asilimia 75 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, 5 kwa jamii ya mahali. Watu wengi wanaigombania ile 5 na kuuliza jamii ni nani, ya kata gani, ya ukoo gani. Waigombanie, ni haki yao. Ningependa kamati za maji moto zidai pia kitu kisichogawanyika: takwimu. Kabla kisima cha kwanza hakijachimbwa, vipimo vya chemchemi zote za karibu viwe vimechukuliwa kwa mwaka mzima, kiangazi na masika, na baada ya kuchimbwa kamati ipewe usomaji wa shinikizo wa kila mwezi kwa karatasi, kwa Kiswahili.

Nanyi msingoje kampuni ije ndipo muanze kupima. Kinachohitajika ni kipimajoto kinachofika nyuzi 110, ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Kinga ndoo kwenye mfereji, hesabu sekunde hadi ijae, andika tarehe, joto, sekunde, na kama mvua ilinyesha wiki ile. Fanya hivyo kila Jumamosi mahali pale pale. Siku mtu atakapowaambia chemchemi yenu imekuwa hivi siku zote, mtakuwa na daftari la kumwekea mezani, na hata mahakama hulisoma daftari la namna hiyo. Mteueni mpimaji leo kabla hamjatawanyika, na mwandikeni kwenye bajeti alipwe, hata kama ni kidogo, kwa sababu kazi ya kujitolea hudumu hadi msimu wa kupanda.

Sasa maswali. Naona mama pale nyuma ameinua mkono kitambo.